Daftari la Wayua

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Mwongeli aliketi mezani akafungua vitabu vyake. Mama yake alizima redio na kumwambia mdogo wa Mwongeli akacheze nje. Nyumba yao ya kupanga huko Kiganjo, Thika, ilikuwa na meza moja tu, kwa hiyo familia ilikula sahani zikiwa mapajani ili Mwongeli asisumbuliwe. Alikuwa Gredi ya Nane, na mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Lakini Mwongeli hakuwa akisoma. Alikuwa akichora ratiba. Kila somo alilipa rangi yake, na Sayansi, iliyomtatiza zaidi, aliiweka kesho. Kesho ilipofika, aliisogeza tena.

Mezani hapo palikuwa pia na daftari la Sayansi la rafiki yake Wayua. Mwongeli aliliazima baada ya kuugua wiki nzima, ili anakili alichokosa. Wayua alitaka lirudishwe Jumatatu. Jumatatu ilipofika, Mwongeli hakuwa amenakili hata ukurasa mmoja.

"Uko na daftari langu?" Wayua aliuliza.

Mwongeli aliona aibu kusema ukweli. "Si nilikurudishia Ijumaa? Nililiweka kwenye dawati lako."

Wayua alitoa vitabu vyake vyote. Akainama chini ya madawati, akatafuta hata kabatini. Mwishowe akasema, "Basi ni mimi nimelipoteza."

Tangu siku hiyo, wenzake walipotoka kucheza, Wayua alibaki darasani akinakili upya kutoka kwa madaftari ya wengine. Mwongeli alimwona dirishani, kichwa kimeinama, na mchezo ukamwishia utamu. Nyumbani, mama alimwekea chai mezani. "Naona unavyojitahidi," alimwambia. Mwongeli aliisogeza kando.

Alhamisi, Wayua alimjia na karatasi kumi zilizobanwa pamoja. "Chukua hizi usome. Najua ulikuwa mgonjwa. Mimi naendelea na zile zingine."

Mwongeli alizitazama. Katika kurasa za mwisho mwandiko ulikuwa umelegea, mkono ukiwa umechoka. Akazirudisha.

"Wayua, daftari lako halikupotea. Liko nyumbani kwetu. Nilikudanganya."

Wayua alichukua karatasi zake. Kisha akaenda zake.

Mchana huo Mwongeli alienda kwa mwalimu wao wa Sayansi, Bi. Wangechi, akamweleza yote, hata habari za ratiba. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini hukumwambia tu kwamba hujanakili?"

"Niliogopa ataniona mvivu, Mwalimu."

"Kesho utamrudishia daftari lake. Halafu kila siku baada ya masomo mtakaa hapa nusu saa, kama Wayua atakubali. Mtasoma mada moja, mfunge vitabu, kisha kila mmoja amuulize mwenzake. Mtakayoshindwa kujibu, hayo ndiyo ya kurudia."

Kesho yake Mwongeli alirudisha daftari. Wayua alikubali kusoma naye, ingawa siku mbili za kwanza hakumwambia Mwongeli lolote ila maswali. Siku ya tatu Mwongeli alisema chakula humeng'enywa kwenye mapafu, na Wayua akashindwa kuzuia kicheko. Jioni hiyo Mwongeli alimweleza mama yake kuhusu zile ratiba. Mama akasema, "Afadhali umeniambia mwenyewe."

Matokeo yalipotoka, Wayua alikuwa wa pili darasani katika Sayansi. Mwongeli alikuwa wa kumi na moja. Muhula uliotangulia alikuwa karibu na mkia. Alienda kumshukuru Bi. Wangechi, lakini hakuwa na furaha kamili.

"Bado naona vibaya, Mwalimu. Alipoteza mapumziko yake yote kwa sababu yangu."

"Ni vizuri uone vibaya," mwalimu alisema. "Ulimdanganya Wayua kwa neno moja, lakini wewe mwenyewe ulijidanganya kila jioni, ukikaa mbele ya kitabu bila kukisoma. Soma kidogo kila siku, ukijiuliza unachojua. Na siku ambayo hujasoma, sema hujasoma. Hapo ndipo mtu anaweza kukusaidia."