Pumzi ya Edmond Kwenye Ampli ya Lampe

Giza lilikuwa linaanza kuingia Butembo nilipopeleka kaseti kwa shemeji yangu Kasika, fundi wa maredio. Bwana yangu Edmond, kaka yake, alichukuliwa na wenye bunduki kwenye barabara ya Alimbongo. Hakuna aliyetuonyesha maiti. Kwenye ile kaseti alikuwa anaimba na korali ya parokia, miaka mingi kabla hatujajuana.

Sauti tu. Ndiyo niliyobaki nayo.

Kasika aliwasha groupe, jenereta yake, akaunga kaseti kwenye ampli ndogo ya kukuza sauti. Ngoma, korali, Edmond... vyote vilibanana kimo kimoja, kama watu chini ya kitanda risasi zikilia.

"Edmond hapana humu," nikalia.

"Yaya," Kasika akaniita kwa heshima ya dada mkubwa, "hii ampli nguvu yake ni kidogo. Wimbo ikipanda, inaikata kichwa. Ikishuka, kelele inaifunika."

Akavuta ampli ya zamani ya lampe, zile taa za kioo za kukuza sauti, transfo yake ya umeme nzito kama jiwe la kusagia. Lampe zikawa nyekundu. Harufu ya vumbi linaloungua ikajaa chumba.

Safari hii korali ilipanda mpaka dirisha likatetemeka, wala sauti haikupasuka. Kisha ikashuka, ikashuka... hadi nikasikia Edmond anavuta pumzi.

"Séphora..."

Alipoimba wimbo ule, hakujua jina langu!

"Séphora, niko na baridi. Fungua."

Kasika akakimbia kuzima groupe. Taa ikafa. Kaseti ikasimama.

"Bibi yangu, fungua."

Mlango ukagongwa. Polepole.

"Hapana fungua!" Kasika alinong'ona, akinishika kitenge. "Lampe zinabakiaka na moto kidogo, njo ile inasema..."

"Na mulango? Njo nani anagonga?"

Akazidi kukaza kitenge changu.

Tangu utotoni nilisikia kwamba muzimu huiga sauti ya mtu unayemlilia. Nilijua. Lakini nilikuwa nimemngoja mno. Nikaponyoka, nikafungua.

Nje hapakuwa na mtu. Upepo baridi tu ulinipita, ukinuka udongo mbichi.

Kisha, nyuma yetu, ndani ya chumba:

"Asante."

Kasika hajaigusa tena ile ampli. Nami, kila ninapolala, mtu anapumua mgongoni mwangu, pumzi isiyo na joto. Simgeukii.

Ninaomba tu awe Edmond.