Koti Juu ya Kiti

Majirani zangu wa Eastleigh na mitaa yote ya huku, tulieni niwaeleze yaliyompata Wangeci, binti wa Teresiah fundi wa nguo.

Nyumba yao ya chumba kimoja ilikuwa na raha yake asubuhi: chai ikitokota, cherehani ikinguruma, wateja wakicheka mlangoni. Lakini mtihani wa chuo kikuu haujui raha hiyo. Mwaka ule chuo kilikuwa kimepokea wanafunzi wengi kuliko vitanda na viti. Wangeci alikosa bweni, na nyumbani hapakusomeka. Ikabaki maktaba.

Siku moja aliizunguka maktaba nzima amekumbatia vitabu. Wengine walikuwa wanasomea sakafuni. Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu, nacho kimewekewa koti. Alisubiri hadi miguu ikamuuma, mwenyewe haji. Akaliondoa, akaketi.

"Wewe! Nani amekuambia ukae hapa?" Alikuwa Wekulo, kijana wa darasa lao.

"Kwani koti ndilo lenye mtihani?"

Wakavutania kiti, wakavutania na kitabu cha maktaba, kikapasuka katikati. Wote wawili wakapigwa marufuku kuingia maktaba mpaka muhula uishe. Jamani, kiti tu!

Wangeci alifika nyumbani akilia. Mle ndani alikuwapo Mama Anab, jirani, amekuja kupimwa gauni.

"Mama Wangeci, huyu mtoto ana nini?"

Teresiah akamweleza. Mama Anab akafikiri kidogo. "Na madrasa ya mzee wangu je? Watoto huja jioni. Asubuhi imekaa bure."

"Lakini mama, sisi ni Wakristo," Wangeci akasema kwa haya.

"Nimekuuliza dini mimi? Nimekuambia pana benchi."

Kesho yake Mwalimu Salad, mumewe Mama Anab, alimfungulia mlango kwa mkono wake. "Soma, binti yangu. Chumba hiki kilijengwa watu wasome."

Wangeci akafungua kitabu. Kimya kile kilimtoa machozi. Tangu azaliwe hakuwahi kukipata.

Siku chache baadaye alipita soko la Kariokor, akamkuta Wekulo ameegemea kibanda, anasoma huku mafundi wa akala, viatu vya matairi, wakigonga nyundo pembeni. Kwanza akafurahi moyoni. Halafu akaionea aibu furaha ile.

"Mbona unasomea hapa?"

"Nisomee wapi, dada? Bwenini tumejazana, wengine wanalala chini." Akainamisha kichwa. "Siku ile nilienda kula, foleni ikanichelewesha. Nilikukosea."

Wangeci akarudi kwa Mwalimu Salad. "Mwalimu, yule niliyegombana naye hana pa kusomea."

"Benchi ni refu," Salad akajibu. "Mwite."

Walifaulu wote wawili. Teresiah akaishonea madrasa mapazia ya kukinga jua, Wangeci na Wekulo wakayatundika wenyewe. Mama Anab akawatazama, mikono kiunoni.

"Asante nimesikia. Na wenzenu je, mmewaacha wapi?"

Muhula uliofuata, kila asubuhi, hapakubaki benchi tupu pale.

FUNZO

Ndugu zangu, usizuie nafasi usiyoitumia, maana mwenzako anaihitaji kama wewe. Nanyi wakubwa wa vyuo, mnapowaita watoto wetu, wawekeeni na mahali pa kuketi. Sisi wa mtaani tutazame vyumba vyetu vinavyoshinda vimefungwa, tuvifungue. Na kwenu, Mwalimu Salad na Mama Anab: mtaa mzima unawashukuru.