Jembe Lisilo na Mpini

Kila asubuhi kengele ya kijiji ilipogongwa, Adelfina alikuwa wa kwanza kuchukua jembe lake dogo kwenda shamba la ujamaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hakuiogopa hata kidogo. Lakini tangu baba yake, mzee Pancras, amrudishe kutoka hospitali ya misheni, mambo ya nyumbani yaligeuka, tena kwa namna ya kutisha.

Hakuna aliyemwambia daktari alisema nini. Wakubwa walinong'ona jikoni. Alipoingia walinyamaza, yakasikika maharage tu yakichemka. Mama Bonifasia, jirani ambaye hata kaa la moto alikuwa mgumu kukupa, alileta kibuyu cha maziwa na kumwita "maskini mwanangu." Wewe ungefikiri nini? Na kila alipojilaza, Adelfina aliusikia moyo wake masikioni: unadunda, unasita, unaanza tena, kama mtu anayebisha hodi asiitikiwe.

Asubuhi moja kengele iligongwa, naye akainuka kufuata jembe. Halikuwepo ukutani. Akatafuta huku na huku, mwisho akainua macho darini. Kumbe liko pale, ubavuni mwa jembe la marehemu bibi yake, na mpini umeng'olewa.

Siku waliyomzika bibi, ni baba huyu huyu aliyeng'oa mpini wa jembe lake na kuliweka pale. "Wameshanizika," aliwaza Adelfina, "ila mimi tu sijaambiwa."

Jioni, baba alikuwa uani akisikiliza habari za vita redioni, sauti ameifungulia mpaka majirani wanasikia. Adelfina akamsogelea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za vita mnazisikiliza kwa sauti kubwa, hata zikiwa mbaya. Zangu mbona mnazinong'ona? Nitakufa lini?"

Baba akazima redio. "Nani kakwambia unakufa?"

"Jembe langu. Umeling'oa mpini kama la bibi."

Pancras akafunika uso kwa viganja, akalia mbele ya mtoto wake. "Niling'oa usije ukaenda kulima kwa siri," alisema. "Moyo wako umeumia, Adelfina, na daktari anasema hautapona kabisa. Utachomwa sindano kila mwezi, miaka mingi. Kulima shambani na kubeba maji, sasa basi tena. Ukizifuata sindano, ana matumaini. Zaidi ya hapo hajui, nami sijui."

Adelfina alilia sana. Habari ilikuwa mbaya, nayo ilimuuma. Hata hivyo ilikuwa na ukubwa wake, haikuzidi kukua kama ile aliyojitungia peke yake.

Kesho yake baba aliteremsha jembe, akalitia mpini mfupi. "La kupalilia mchicha hapa mlangoni, umekaa," alisema. Mama yake akaketi karibu na Adelfina, safari hii akimtazama usoni.

"Tulidhani tunakuhurumia, kumbe tulikuacha peke yako na hofu. Mgonjwa ndiye mwenye ugonjwa wake, anastahili kuambiwa ukweli kwa upole. Nawe ukituona tumenyamaza, uliza kama ulivyouliza."

Alipojilaza, moyo ukabisha tena. Adelfina aliusikiliza bila kujifunika kichwa, maana sasa alijua ni nani anayebisha.