Shibiri za Zubeda

Jua lilikuwa limeshagusa milima ya Congo, ng'ambo ya ziwa, Adija alipopanda bajaji kutoka Buyenzi kwenda Kinindo, bidoni dogo la maji mapajani. Mkono wa kushoto ulilishika. Wa kulia ulilala tu, kama samaki wa jana. Tangu apooze, mwaka mzima, haukuwa umeshika sindano. Mdomo alikuwa nao, tena wa kutosha mtaa mzima, lakini mdomo haushoni nguo. Na nyumbani kitambaa cheupe cha harusi ya Houda kilimsubiri. Houda ndiye mjukuu pekee aliyebaki naye, na Adija alikuwa ameapa kwamba gauni lile hatalishona mtu mwingine.

Nyumba ya Kinindo ilikodiwa na watu wa utafiti. Trésor, kijana wa Uvira aliyeshughulika na mashine, alikuwa amemweleza yote. Unawekwa sponji mbili kichwani, zimelowa maji ya chumvi. Umeme mdogo, mdogo sana, unapita dakika ishirini huku mkono ukifanyishwa kazi. Umeme wenyewe haufundishi kitu, alisema. Unalainisha ubongo tu, ili kile mkono unachozoeshwa kiingie upesi. Ila mabomba yalikuwa makavu mwezi wa pili sasa, hivyo kila mgonjwa aje na maji yake, chumvi ataikuta.

Maji ya Adija yalikuwa ya Zubeda.

Zubeda alikuwa mke mwenzake. Walimzika mume mmoja, wakabaki kwenye ua mmoja wakigombania kamba ya kuanikia. Miaka arobaini Zubeda ndiye aliyeshona sanda za Buyenzi. Alipima kwa shibiri, gumba hadi kidole cha mwisho, hakufunga fundo, alikata uzi kwa meno, na akimaliza aliipiga sanda makofi mawili kuilaza. Pa, pa. Mtu aliye hai hakumgusa kwa shibiri hata siku moja. Alisema kumpima ni kumwita kaburini. Adija alimcheka mpaka akakohoa.

Zubeda alipokufa, mwezi uliopita, waoshaji walibakiza bidoni la maji ya kafuri. Maji hayo humwagwa, hufukiwa, na Adija alilijua hilo kuliko wengi. Lakini kumwaga maji, wakati watu wanapanga foleni tangu alfajiri? Alilisukuma nyuma ya mlango. Hata maiti, alisema, haina uchoyo wa hivyo.

Trésor alichovya sponji, akanusa.

"Mama, maji yako inanukia dawa."

"Inanukia usafi. Weka, mutoto, usinichunguze."

Kichwa kilimwasha kidogo, basi. Akapewa kitambaa na sindano nene. Jioni ya kwanza, hakuna. Ya tatu, kidole gumba kikacheza. Ya sita, mkono ukaishika sindano, ukashona mstari mzima, ulionyooka. Trésor alisema hajaona mkono wa kujifunza upesi hivyo. Machozi yalimjia Adija, akamkaripia kijana afunge dirisha, vumbi linaingia.

Kisha mkono ukaupeleka uzi mdomoni.

Meno yakakata, kabla hajafikiri. Mkasi ulikuwa pale mezani. Maisha yake yote Adija alikata uzi kwa mkasi...

Akautazama mshono. Haukuwa na fundo.

Mkono ukainuka wenyewe.

Pa, pa.

Harufu ya kafuri ikajaa chumbani. Na sponji zilikuwa zimeshatolewa.

Jumatatu, jirani yake Atumani, fundi wa magari, alikuja kumpa hongera. Alikaa mkekani, miguu ameinyoosha. Mkono ukampanda kisogoni, ukashuka mgongoni, mpaka gotini. Gumba, kidole cha mwisho. Gumba, kidole cha mwisho. Atumani akamuuliza kama anamtafuta kunguni. Wakacheka wote.

Jumatano wakamzika. Alikutwa chini ya gari, hana hata mkwaruzo.

Adija alirudi Kinindo, akasema yote, hata ya bidoni. Trésor alisikiliza. Kisha akakihamisha kiti chake taratibu, mpaka upande wa pili wa meza, mkono usimfikie.

"Toa ulichoweka," Adija alinong'ona.

"Mashine haitoake kitu, mama. Mukono ikishajua, imejua."

"Mi nakuomba, mwanangu."

Hakuwahi kumwomba mtu.

"Apana," Trésor akasema. Alikuwa hamtazami. "Mi siwezi."

Nyumbani Adija akaufunga mkono kwa kitenge, mafundo matatu. Adhuhuri akaamka usingizini, kitenge kimefunguliwa na kukunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Akaufunga tena. Ukafungua tena. Mafundo haukuyapenda.

Siku hiyo hiyo, Magharibi ikikaribia, Houda alilala kichwa kwenye paja la bibi yake, miguu ameinyoosha uani. Alikuwa amechoka na mambo ya harusi. Adija alikuwa ameukalia mkono. Aliusikia ukitoka chini yake, polepole, kama panya.

Ukaanzia utosini.

Alimwambia mtoto ainuke. Alimwambia mara mbili, na sauti ilitoka ndogo, kama ya mgonjwa. Kwa mkono wa kushoto akauvuta ule wa kulia. Haukuvutika. Gumba, kidole cha mwisho. Shingoni... begani... kiunoni...

Houda alifumba macho, akatabasamu.

"Bibi," akasema, "hujanipapasaka hivi hata siku moja. Acha kwanza."

Adija akafungua mdomo. Mdomo ule, ulioshinda mtaa mzima. Haukutoa neno.

Gumba. Kidole cha mwisho.

Pa, pa.

Asubuhi Houda aliamka mzima, akawasha makaa, akaimba. Atumani naye alikuwa ameamka mzima siku ya kwanza baada ya kupimwa. Adija alizitupa sindano zote chooni, na uzi wote. Akakaa juu ya kitambaa cheupe cha harusi, kisije kikawa sanda, mlango ameufunga.

Mkono ukainuka, ukamgusa kifuani. Pale kwenye mtandio alikuwa amechomeka sindano moja, ya tangu zamani, aliyokwisha kuisahau.

Uzi mkono uliuchomoa kwenye kitambaa chenyewe.