Mpaka Jina Lienee

Jumatatu ile Bukavu iliamka salama. Hakukuwa na mlio wa risasi, ziwa lilikuwa limetulia, na Constantin alifika ofisini na tai yake nyekundu, akanywa chai kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimemfanya bwana mkubwa. Shirika dogo la misaada lilimkabidhi kompyuta, mashine ya kuchapa na jenereta, na mtu wa namna ile ukimpa kompyuta mbele ya watu waliokimbia na sufuria kichwani, hujiona ameumba mbingu.

Kazi yake ilikuwa kuchapa kadi za unga kwa wakimbizi wa kambi ya Nyantende. Karatasi moja ilibeba kadi nyingi, kila jina ndani ya kisanduku chake. Majina mafupi yalikaa vizuri, marefu yalifurika. Mwenye akili angepanua kisanduku. Constantin aliweka alama penye neno "Ajuster", na kompyuta ikawa inapunguza herufi yenyewe mpaka jina lienee kisandukuni. Eti anaokoa karatasi, huku watu wakifa njaa.

Maman Séraphine Nabintu M'Birhashwirwa alikuwa analea wajukuu waliofiwa na wazazi. Kwao mwanamke hubeba jina la baba yake mpaka kaburini. Kwenye kadi yake jina hilo lilikuwa dogo kama kinyesi cha nzi. Mlinzi wa lango la bohari ya unga alishindwa kulisoma, akamrudisha bila unga. Wiki iliyofuata akarudishwa tena. Ndipo Jumatatu ile akaingia ofisini, akamwomba Constantin ampanulie nafasi tu, kwa maana mjukuu wake mdogo alikuwa hawezi tena kusimama.

Constantin hakuinua hata macho.

"Maman, ni jina yako ndiyo iko murefu, hapana mashini. Ukate."

Bibi akainama karibu na sikio lake.

"Jina ya baba yangu haikatwake. Siku mutoto atakufa, na weye utaenea."

Mtoto alikufa Alhamisi. Constantin alipoambiwa, alisema watoto wa wakimbizi hufa kila siku, akaendelea kuchapa.

Ijumaa kola ya shati ilimpwaya. Akamlaumu dobi. Viatu navyo vikaanza kumvuka, akavijaza magazeti. Mkewe, Colette, alipoona tai inamfika magotini, alimsihi aende akamwombe yule bibi msamaha na kumchapia kadi inayosomeka. Akacheka. Msomi mzima apige magoti mbele ya mshamba? Akapanga vitabu juu ya kiti, akakaa, akachapa. Wenzake walikuwa wanainama ili kumsikia. Hata hapo hakupanua kisanduku. Kiburi cha mjinga hakina dawa.

Asubuhi moja Colette alisikia sauti ya kifaranga kitandani. Mumewe alikuwa analia. Sasa alitaka kadi ya bibi ichapwe upya. Leo. Sasa hivi.

Colette alimfunga mgongoni kwa kitenge, yule bwana mkubwa, akapita naye sokoni kama mama na kichanga chake. Ofisini alimweka mezani mbele ya kompyuta, akatoka kuwasha jenereta. Akavuta kamba. Ikagoma. Akavuta tena, na tena. Ilipowaka, akarudi mbio.

Kitenge kilikuwa mezani. Kitupu.

Kwenye vumbi la meza kulikuwa na nyayo zenye umbo la mtu mzima, miguu mitupu. Za kwanza ukubwa wa harage. Kisha wa punje ya mchele. Kisha ufuta. Zilifika ukingoni mwa meza. Hazikurudi.

Bienfait wa bohari na Philémon, yule mlinzi wa lango, waliingia kuuliza kulikoni. Colette akainua mkono.

"Musitembee," alinong'ona.

Wakasimama. Walikuwa wamekwisha kufika katikati ya chumba, na hakuna aliyethubutu kutazama chini ya kiatu chake.