Daraja Lililopakwa Upande Mmoja

Asubuhi ile nyumba ya seremala ilikuwa imetulia kuliko siku zote. Karakana imefungwa, randa na misumeno imetundikwa ukutani, na mkewe anakunja shali ya mtoto mchanga kwa mara ya tatu. Binti yao alikuwa amejifungua mjukuu wao wa kwanza, huko nyuma ya vilima, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu. Jua lilikuwa limetoka vizuri. Wakafunga mlango, wakashika njia huku wakitaniana.

Seremala huyu watu walimwita Chapchap. Ukimwagiza kitanda Jumatatu, Jumatano unakilalia. Ijumaa unalala sakafuni, lakini hilo watu walilisema akishapita. Usoni tulimsifu. Tulipenda haraka yake, ndugu zangu, tusijifanye malaika.

Walipomaliza kilima cha pili mvua ikawadaka. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika. Njia ikawa tope tupu, kila kiatu kikabeba kilo ya udongo. Mke aliisokomeza shali ndani ya mfuko wa plastiki, akaupachika kifuani, akaendelea kutembea mbele. Mvua haikumpunguzia maneno. Alisema mtoto akichukua masikio ya babu yake, itabidi avishwe kofia mpaka aoe. Chapchap alicheka, kisha kicheko kikakatika katikati.

Alikuwa amekumbuka mto.

Juu ya mto ule kulikuwa na daraja la miguu, boriti mbili ndefu zilizopigiliwa mbao za kukatiza. Alilijenga yeye mwenyewe, miaka minne nyuma. Misumari ya inchi nne ilimwishia kazi ikiwa nusu, akamalizia na ile mifupi ya kupigilia viti. Halafu oili chafu ya injini, ile inayozuia mbao kuoza. Kila seremala anajua kwamba mbao ya nje hupakwa oili pande zote kabla ya kupigiliwa, maana kuoza huanzia chini, kwenye unyevu. Chapchap alizipigilia kavu, kisha akapaka juu tu, upande unaoonekana. Daraja likang'aa jeusi, watu wakapiga makofi, yeye akakimbilia kazi nyingine.

Walipofika, maji yalikuwa yamejaa yakinguruma. Kwa juu daraja bado lilipendeza. Chapchap alijua kwamba huko juu zaidi kulikuwa na kivuko cha mawe mapana yasiyofunikwa hata mto ukijaa, lakini kwenda huko ni kuzunguka saa nzima. Na mkewe angeuliza, kwa nini tuzunguke? Angemjibu nini? Mwanamke yule kila alipopita pale na wenzake alikuwa akiwaambia, hili ni la mume wangu.

Basi badala ya kusema ukweli, alisema nusu yake.

"Pita pembeni, mama watoto. Kanyaga juu ya boriti."

"Nipite pembeni nina kichaa?" mkewe akacheka. "Daraja lako mwenyewe leo unaliogopa, baba watoto?"

Akaingia katikati, kama anavyopita mtu yeyote mwenye akili timamu. Chapchap alibaki ukingoni akizihesabu mbao. Mbao ya kwanza ilishika, ya pili ikashika. Ya sita ilikatika bila hata kulia, kama mkate uliolowa. Mguu wa mkewe ukazama mpaka pajani, mwili ukaenda mbele, na mfupa ukavunjika chini ya goti.

Chapchap alitambaa juu ya boriti, akamvuta nyuma mpaka ukingoni. Mchunga ng'ombe mmoja aliyekuwa amejikinga na mvua kwenye kichaka aliwaona, akaja mbio. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Akaufunga ule mguu kwa fimbo yake na kanga ya mama huku akisema kwamba wao wenyeji mvua ikinyesha hawalikanyagi daraja lile, hata watoto wa shule huzungushwa kwa juu.

"Sijui fundi gani huyo," akasema. "Nadhani alikuwa anafukuzwa na nyuki."

Mvua ilimpiga Chapchap usoni, naye hakuifuta.

"Ni mimi," akasema. "Chini sikupaka kitu."

Mchunga ng'ombe akainamia fundo la kanga, akalikaza ingawa lilikuwa limeshakazika. Mke alijiinua kwa kiwiko, akamgeukia mumewe.

"Ulijua, ukaniacha nipite?"

"Niliona haya."

"Haya zako ndizo zimenivunja mguu."

Wanaume wale wawili walimbeba kwa zamu, wakazunguka kwenye kivuko kwa ileile saa nzima ambayo Chapchap aliikwepa, mpaka zahanati ya ng'ambo.

Mguu uliunga, lakini ulibaki mfupi. Mjukuu aliletwa kwa bibi akiwa na miezi mitatu, na masikio yake yalikuwa ya babu kweli. Bibi aliyaona, hakutania. Chapchap alirudi mtoni peke yake, akabomoa mbao zote na kuanza upya. Ilimchukua siku kumi na moja. Mbao alizipaka pande zote nne, na boriti akazipaka kwa chini, akilala chali ndani ya maji. Leo ng'ombe wanapita, watoto wa shule wanapita. Mkewe akienda kwa binti yake hushika fimbo na kuzunguka kwenye kivuko. Chapchap humfuata nyuma, na hajawahi kumwambia kwamba daraja sasa ni zima, maana anajua neno lake juu ya daraja lile halitoshi tena.

FUNZO

Kazi ya kulipua haimsubiri adui yako. Inamsubiri yeyote atakayepita, na mara nyingi anayetangulia ni yule anayekuamini. Fundi, paka na upande usioonekana. Kama ulishakosea, sema mapema, kabla mtu hajakanyaga. Aibu ya kusema huisha, mguu uliovunjika unabaki. Na sisi tunaosifu haraka ya fundi bila kuinama kutazama chini ya kazi yake, tusijitoe. Makofi yale yalikuwa yetu.