Tanki ya Benite Ilivuja... Au Walitudanganya?

"INAVUJA! Mutoeni huyu mutoto hapa!"

Ndugu zangu munaosoma, hivyo ndivyo Sylvère, patro mwenye ateliye ya kuchomelea karibu na bandari, alivyomfokea mjukuu wangu Benite mbele ya mafundi wote.

Ilikuwa Jumatatu, nami nilikuwa mlangoni na chakula cha mchana cha Benite. Bakuli ikanitoka mkononi. Ndagala zote chini!

Benite nimemlea mwenyewe, mimi koko yake, hapa mtaani Musaga, tangu mama yake afariki. Sentre ya ufundi ilimfundisha kuchomelea vyuma, ikampeleka kwa Sylvère kufanya staji, yaani mazoezi ya kazi. Walikubaliana hivi: patro anawapokea watoto, na mwishoni yeye ndiye anawapima. Ukishinda, diplome. Ukianguka, unarudia staji, unamfanyia patro kazi bure!

Hii ilikuwa mara yake ya pili kuanguka.

Kipimo ni tanki ya mazutu, dizeli ya boti, unayoichomelea mwenyewe. Inapakwa chaki nje, mafuta ya taa yanamiminwa ndani. Doa likitokea kwenye chaki, basi, umeanguka.

Sylvère aliingia na tanki ya Benite stoo peke yake. Akatoka nayo ina doa jeusi...

Nyumbani Benite alitupa glavu zake chini ya kitanda.

"Koko, mi nimechoka. Ule muzee wa Carama anayetaka kunioa, mwambie nimekubali."

"Ana bibi mwingine, Benite!"

"Ata kama. Kwake sitapimwa."

Sikulala. Nilimwomba tu, "Nisubirie Jumapili ipite."

Jumamosi nilishuka bandarini kumtumia dada yangu wa Kigoma kifurushi. Boti ya mzee Adolphe ilikuwa inapakia. Ndani yake nikaona tanki, imepakwa rangi mpya ya buluu.

Chini ya ile rangi... mistari mitatu, kama unyayo wa kuku!

Jamani! Pale sentre kila mwanafunzi anapiga alama yake kwa patasi kwenye kazi yake. Ile ni ya Benite. Amechora unyayo huo hadi kwenye sufuria zangu!

"Baba Adolphe, hii tanki inavuja?"

Akacheka. "Ivuje aje, mama? Imeenda Kigoma, imerudi. Ata tone! Sylvère aliponiuzia aliapa ameitengeneza na mukono yake."

Nikakimbilia sentre kwa direktrisi, mkuu wao Madamu Dorothée. Nikamweleza yote. Akafunga mlango polepole.

"Koko... tunajua."

"Munajua?!"

"Wenye mukono muzuri ndio anawaangusha, wabaki wamufanyie kazi. Wabovu anawapitisha, waondoke. Lakini nikimugombeza, wasichana wangu nitawapeleka wapi? Wapatro wengine hawawataki."

Nilikaa kwenye kiti cha wageni hadi jioni.

"Koko, naenda kufunga ofisi."

"Funga, mwanangu. Mi niko hapa."

"Utalala humu?"

"Mjukuu wangu anaolewa kwa sababu ya doa la uongo. Nilale wapi?"

Dorothée akachukua funguo zake, na chaki.

Benite tulimpitia njiani, macho yamevimba. Kule botini aliipaka tanki chaki mwenyewe. Mafuta yakamiminwa. Tukangoja... tukangoja...

Chaki ikabaki nyeupe!

Adolphe akashika kichwa. "Kumbe ni huyu mutoto!"

Sylvère alipoitwa, alisema neno moja tu: "Vizuri." Jumatatu akawafukuza wasichana wote wa sentre waliokuwa kwake. Wote! Hapo ndipo nilipoelewa woga wa Dorothée.

Benite ana diplome, Dorothée mwenyewe ameisaini. Muzee wa Carama nilimrudishia jibu la hapana mwenyewe. Lakini kazi bado. Na wale wasichana wengine wako nyumbani, mama zao wananipita barabarani bila salamu. Siwalaumu. Kila asubuhi mimi na Dorothée tunabisha hodi kwenye ateliye moja, tunaomba nafasi. Leo ni zamu ya mtaa wa Buyenzi.

Wazazi, mukipeleka mutoto staji, musiulize tu atafundishwa nini. Ulizeni hivi: anayemupima, mutoto akianguka, yeye anapata nini?